Maua ya Kahawa Yasiyohesabiwa

Ninyi mnaonijia na fomu za kuomba nafasi ya udaktari wa falsafa ng'ambo mna swali moja mnalolipenda: "Mama, kitu gani kilikuwa kigumu zaidi?" Mnatarajia niseme baridi ya Ujerumani, au takwimu, au kula mkate mchana na jioni. Baridi ina koti. Takwimu zina vitabu. Mkate unazoeleka, ingawa mpaka leo siwezi kuuita chakula. Kilichokaribia kuniangusha mimi ni kurasa nne za daftari, zilizoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nimestaafu sasa, sina cheo cha kulinda, basi nitawasimulia yote, pamoja na ile sehemu niliyokuwa nairuka nilipokuwa nawafundisha.

Nilianza udaktari nikiwa na miaka arobaini na mbili, mwalimu wa chuo hapa Moshi. Masomo yangu yalikuwa ya nchi tatu: kazi ya shambani hapa mlimani, kutambua wadudu Nairobi, darasa na maabara Ujerumani. Nilitaka kujua nyuki wa porini wanaisaidia kahawa yetu kiasi gani. Si hawa wa mzinga peke yao. Wapo wadogo weusi kama punje za ulezi, wapo wanaotoboa miti mikavu na kulala humo peke yao, na wote hao wanaingia kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, bila kualikwa.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Kabla maua ya kahawa hayajafunguka, unavalisha baadhi ya matawi mfuko wa chandarua ili nyuki wasifike. Mengine unayaacha wazi. Unahesabu maua, tawi kwa tawi. Baada ya wiki kadhaa unarudi kuhesabu vitunda vilivyoshika, vikiwa vidogo kama kichwa cha kiberiti. Tofauti kati ya tawi lililofungwa na lililoachwa wazi ndiyo kazi ya nyuki.

Ugumu uko kwenye muda. Mibuni hukaa imefumba macho mpaka mvua ya vuli iipige. Baada ya siku chache kihamba kizima kinageuka cheupe kwa mara moja, kinanukia mpaka barabarani, na siku ya tatu maua yameshakuwa ya kahawia. Ukichelewa, umechelewa mwaka mzima. Na kamati ya Ujerumani iliyonifadhili ilitaka misimu miwili ya maua, si mmoja.

Nilikuwa na mashamba sita. Matatu yalikuwa Kilema, nilikozaliwa, na huko alinisimamia dada yangu Konsolata, mwalimu wa shule ya msingi. Matatu yalikuwa Old Moshi, chini ya Mzee Elirehema.

Mzee Elirehema alikuwa bwana shamba mstaafu, anakaribia miaka sabini, mzee wa kanisa, mtu wa koti hata jua likiwaka. Mimi nilijua majina ya nyuki kwa Kilatini. Yeye alijua wanakolala. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa penseli, maana wino na umande wa mlimani havikai nyumba moja. Alinifundisha kuweka kikaratasi cha jina ndani ya chupa na si kukibandika nje. Nilipofunga mifuko yangu ya kwanza kwa utepe mwekundu aliniangalia kwa huruma. "Mama, utepe huo kesho utauona kwenye nywele za wasichana shuleni." Kesho yake niliuona. Tangu siku hiyo tukafungia uzi wa katani.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza nilikwenda naye Nairobi, kwa mtaalamu aliyekuwa anawatambua wale nyuki wadogo. Pale mpakani Holili nilipata somo langu la kwanza la vibali. Kibali changu kilisema visanduku viwili vya wadudu wakavu. Mimi, usiku uliotangulia, nilikuwa nimewapanga upya wasivunjike njiani, na sasa nilikuwa na visanduku vitatu.

Ofisa wa ukaguzi, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, alihesabu mara mbili. "Hapa pameandikwa viwili."

"Ni nyuki walewale," nikasema. "Nimewatawanya tu."

"Cha tatu nakichoma."

Kazi ya msimu mzima ilikuwa humo. Mzee Elirehema akasogea. "Kijana, hujaniamkia."

Ofisa akashtuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungua hicho cha tatu kabla hujakichoma, uwajue unaowachoma."

Kikafunguliwa. Mzee akaanza kutaja, safu kwa safu: huyu tulimkamata kwa fulani, kwenye mgomba ulioanguka, huyu kwenye mfereji, huyu alinichoma sikioni. Alitaja bila hata kuinama. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wale wadogo nao wanauma, halafu akatupa nafasi: tuwarudishe wote kwenye visanduku viwili, palepale, mbele yake. Nikakaa kwenye sakafu ya ukaguzi na kibano, nachomoa pini moja moja, malori yanapiga honi nje, jasho linanidondokea puani na mimi siwezi kulifuta.

"Nisaidie, baba," nikamwambia.

"Shika wewe, mama. Mikono yangu imekuwa mizito." Na ilipofika kujaza fomu ya uhamiaji akanisukumia karatasi. "Nijazie. Nimesahau miwani."

Nikamjazia. Mimi, mtaalamu wa kuangalia vitu vidogo, sikuangalia kitu kingine chochote siku ile.

Msimu wa pili ulipokaribia nilitakiwa niwe Ujerumani. Kulikuwa na masomo ya lazima na kazi ya maabara, na tarehe zao hazikujua habari za vuli yetu. Nikawaachia mashamba Konsolata na Mzee Elirehema. Kila baada ya hesabu walikwenda kwenye duka la kompyuta mjini, wananiskania kurasa, wananitumia. Za Old Moshi zilikuwa safi ajabu. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za mwaka uliotangulia, nami nikafurahi kwamba zinasomeka.

Msimamizi wangu, Profesa Renate, alikuwa mwanamke mrefu, mkali wa maneno na mpole wa vitendo. Siku ya theluji ya kwanza alinikuta na viatu vya wazi, akaondoka kimya, akarudi na buti za binti yake. Alipoona michoro yangu alifurahi. "Kilema inabadilikabadilika," akasema, "lakini Old Moshi imejirudia karibu vilevile miaka yote miwili. Ni nadra kupata mashamba yenye utulivu huu." Tukaamua Old Moshi ndiyo iwe moyo wa wasilisho langu mbele ya kamati ya ufadhili. Wasilisho lilikuwa Jumatatu. Kamati ikiridhika, wangeniongezea mwaka. Isiporidhika, basi.

Jumamosi mchana nilimpigia Konsolata, kumsalimia tu na kumwomba aniombee. Akaniambia habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, padri amehamishwa. Halafu akasema, "Nashukuru Mungu kazi yako haikuharibika yote na ile mvua ya mawe."

"Mvua ya mawe ipi?"

"Ya wakati wa maua. Huku Kilema ilitupita, ikaangukia upande wa Old Moshi. Nilikwenda msibani kule siku iliyofuata. Felista, migomba ilichanika kama matambara. Kwa Mzee Elirehema kahawa haikuwa na ua hata moja la kusingiziwa. Si alikuandikia?"

Nikamwambia ndiyo, aliniandikia. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Nilikata simu, nikachukua kurasa za Old Moshi za mwaka wa kwanza na za mwaka wa pili, nikazilaza mezani ubavu kwa ubavu. Sikuhitaji takwimu. Tawi la kwanza, mwaka wa kwanza maua thelathini na moja. Mwaka wa pili thelathini na mbili. Tawi la pili, ishirini na sita. Mwaka wa pili ishirini na tano. Moja juu, moja chini, moja juu, mbili chini, mpaka mwisho wa ukurasa, kama mtu anayerukaruka madimbwi. Utulivu wa Old Moshi ulikuwa ni daftari la zamani lililonakiliwa upya.

Vijana, sasa ndiyo inakuja sehemu niliyokuwa nairuka. Nilikuwa na karibu siku mbili za kuutoa ule mchoro. Niliufungua mara nyingi. Nilichobadilisha ni rangi yake tu.

Jumatatu nikasimama mbele ya kamati. Nilivaa kitenge nilichokuwa nimekihifadhi kwa siku hiyo. Nilipofika kwenye mchoro wa Old Moshi nilisikia sauti yangu inaendelea kuzungumza, nzuri tu, haina hata kikohozi. Mmoja wao aliuliza kama hali ya hewa ya misimu miwili ilifanana. Nikajibu, "Kwa ujumla, ndiyo." Wakapiga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao wale. Nikatoka nikaenda msalani, nikafungua bomba nikalikodolea macho, sikumbuki kama nilinawa.

Nilijiambia nitamlinda Mzee Elirehema. Nilijiambia kwamba Kilema peke yake inathibitisha hoja, kwamba nyuki wanafanya kazi hata nisipohesabu. Kila nilichojiambia kilikuwa na sura ya ukweli. Jumanne asubuhi nilimkuta Profesa Renate anavua koti, nikamwambia kabla hajakaa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atauliza juu ya Mzee. Hakuuliza. Aliuliza, "Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Kwa hiyo jana ulipokuwa unasimama pale, ulijua."

"Nilijua."

Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. "Kosa la msaidizi wako tungelieleza kwa barua moja, na wangeelewa. La jana ni lako. Barua hiyo utaiandika wewe, na utaiandika leo."

Niliiandika. Kamati haikunifukuza, ila haikuniongezea muda. Walisema Old Moshi ya mwaka wa pili iondolewe yote. Nirudi nyumbani, nipate msimu mmoja mwingine kwa njia zangu, na kazi iwe mezani kwao kabla ya tarehe waliyoitaja. Nikipitisha tarehe, jina langu linafutwa. Profesa Renate alinisindikiza mpaka kituo cha treni. Nilijaribu kumrudishia buti. "Utazihitaji siku ya kutetea," akasema, akageuka akaenda zake.

Nilipanda Old Moshi na hasira niliyoibeba kwenye ndege mbili bila kuimwaga. Mzee Elirehema alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, jua liko mgongoni kwangu.

"Karibu," akasema. "Nani mwenzangu?"

Nikadhani ananikejeli kwa kukaa ng'ambo muda mrefu. "Shikamoo baba. Ni Felista."

"Marahaba mama! Marahaba! Ingia ndani." Akamwita mkewe, Mama Ndeshi, ambaye alinikumbatia akaniletea bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kabla sijakaa vizuri. Sikuugusa. Katika nyumba ya Mchaga hilo peke yake ni taarifa.

Nikaweka kurasa mezani. "Baba, wakati wa maua mvua ya mawe ilianguka hapa?"

Mama Ndeshi akaacha kufuta meza.

"Ilianguka kidogo," akasema Mzee.

"Kwenye daftari haipo."

"Mawe yalikuwa madogo."

"Konsolata alikuja msibani siku ya pili. Aliona."

"Konsolata ni mtu wa Kilema! Anajua nini kuhusu shamba langu?" Sauti yake ilipanda, sijawahi kumsikia hivyo kabla wala baada ya hapo. Nami nikasimama.

"Basi twende shambani, baba. Unioneshe ulivyohesabu."

Mama Ndeshi akasema taratibu, "Felista, mwanangu, kunywa kwanza mtori." Sikumsikiliza. Mzee alikuwa ameshanyanyuka.

Alitangulia. Miguu yake ilijua kila jiwe na kila mfereji wa kihamba kile, hata sikushuku. Akafika kwenye mbuni wa kwanza, akavuta tawi lenye vitunda vibichi vya maua machache yaliyochelewa kufunguka baada ya mawe, akaanza. "Moja. Mbili. Tatu." Kidole gumba kilikuwa kinapapasa. Kilipita juu ya kitunda bila kukihesabu, kikahesabu jicho la jani, kikarudi kikahesabu kitunda kilekile tena. Uso wake ulikuwa umeinuliwa, unatazama juu ya tawi, mahali pasipokuwa na kitu. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Kumi na tisa, mama."

Tawi lilikuwa na vitunda kumi na kimoja.

Nikasogea karibu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikamtazama machoni. Mboni zilikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Hasira yangu yote iliniishia palepale, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Baba. Tangu lini?"

Aliachia tawi. "Tangu kabla ya Holili."

"Holili uliwataja nyuki wote!"

"Uliwapanga ukinitajia safu kwa safu, si unakumbuka? Niliwataja kwa kichwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetafuta mwingine."

"Wa kuhesabu, ndiyo. Lakini wewe..."

"Felista." Hakuwa na desturi ya kuniita jina. "Mimi ni bwana shamba. Watu wananiletea jani, nalitazama, nawaambia ugonjwa. Siku hizi wakileta, nalinusa. Nalikunja kidogo, nauliza maswali mengi, mpaka wao wenyewe wanalitaja. Siku nitakayosema sioni, hakuna atakayeniletea jani tena. Baada ya mawe niliingia humu na mikono. Nilishika matawi yote. Sikujua nilichoshika ni ua au ni kikonyo. Nikaogopa kukuandikia sifuri zote hizo, nawe uko mbali, useme kazi imekufa mikononi mwangu. Nikamwomba Mama Ndeshi anisomee daftari la mwaka wa kwanza, nikamwambia ni la kulinganisha, nami nikaandika upya kwa herufi kubwa. Yeye hana kosa."

Tukasimama pale. Ng'ombe wa jirani alikuwa analia. Ningeweza kunyamaza, nikabaki mimi ndiye niliyekosewa.

"Nami nina langu," nikasema, nikamweleza yote, kuanzia Jumamosi mpaka makofi ya vifundo vya vidole.

Alisikiliza, kichwa kimeinama. "Kwa hiyo wewe uliona."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akafikiri. "Ninyi Wakatoliki si mna padri wa mambo kama hayo?"

"Padri wetu hajasoma takwimu, baba."

Hakucheka, ila alinishika mkono, tukarudi ndani, na mtori nikaunywa wote, umeshapoa.

Wiki ile nikampeleka hospitali ya macho. Daktari alisema ni mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini la kushoto lilikuwa pia na presha iliyoua mshipa, na hilo halirudi. Angekuja mapema lingepona. Mzee alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za shamba la jirani. La kulia likasafishwa. Walipomfungua bendeji nilikuwa nimesimama mbele yake na Mama Ndeshi. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu sana. Halafu akanigeukia mimi.

"Kumbe una mvi," akasema.

Sasa lilibaki swali la msimu wa mwisho. Konsolata alinijia juu. "Mtu aliyekuharibia unampa tena daftari?"

"Nampa nusu ya daftari," nikamjibu. Na huo ndio utaratibu ambao wote mliopita mikononi mwangu mliuchukia: kila tawi linahesabiwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, hakuna kusikilizana, kila mmoja na karatasi yake, na karatasi zinafungwa kwenye bahasha shambani kabla ya kwenda nyumbani. Mlidhani siwaamini. Sijiamini mimi.

Vuli ilichelewa. Mibuni ilikaa imefumba wiki baada ya wiki, na mimi nahesabu siku zilizobaki kufikia tarehe ya kamati. Nilifundisha asubuhi mjini, mchana nikapanda mlima kutazama machipukizi yaleyale ya jana. Hatimaye mvua ikanyesha usiku wa kuamkia Jumapili, na siku ya tisa Old Moshi ikawa nyeupe. Mifuko tulikuwa tumeshaifunga, tukahesabu mashamba mawili. Siku iliyofuata, tukiwa tumebakiza shamba la Mzee mwenyewe, wingu jeusi likashuka kutoka msituni.

Alinusa hewa. "Mawe."

Yalishuka kwa dakika chache tu, lakini nilizisikia kama misa nzima. Tulijibanza kwenye banda la ng'ombe, mabati yanapiga kelele hata tusisikizane, naye amenyoosha shingo anatazama shamba lake kwa jicho lile moja. Yalipokoma nikatoka kukimbilia mashamba yale mawili. Yalikuwa mazima, mawe yalikuwa yameanguka kwenye ukanda mwembamba kama njia ya mtu. Nilirudi nikihema, nikamkuta Mzee ameshaanza kuhesabu peke yake shambani kwake, maji yanamtiririka kwenye koti, barafu inapasuka chini ya viatu.

"Tawi la kwanza, kumi na nne," akasema alipomaliza, halafu akakumbuka utaratibu wetu. "Sikuambii mengine." Lakini tawi la saba lilimshinda kulinyamazia. Nilimwona anarudi kulitazama, analigeuza chini juu, analisogeza mpaka kope zinaligusa. Akapaza sauti mpaka Mama Ndeshi akatoka jikoni: "Sifuri! Ni sifuri kweli, mama, nimetazama!"

Nami nilipolifikia nikaandika sifuri. Karatasi zetu zilitofautiana tawi moja tu, na aliyekosea, tuliporudi kulitazama, nilikuwa mimi.

Kazi iliandikika. Ilipofika mahali pa kueleza kwa nini msimu ule mmoja wa Old Moshi haumo, niliandika kwa uangalifu kwamba takwimu zimeondolewa kwa sababu mtafiti hakusimamia vizuri ukusanyaji wake. Nilimpelekea Mzee, nikamsomea kwa Kiswahili. Nilidhani atanishukuru.

"Hapo umedanganya tena," akasema.

"Baba, ni kweli kabisa. Sikusimamia."

"Ni kweli, lakini umejificha humo, na umenificha na mimi. Mtu akisoma atajifunza nini? Andika kwamba aliyehesabu alikuwa haoni. Na andika kwamba hakusema. Hayo ni mambo mawili, usiyafunge kwenye mfuko mmoja. La kutoona ni ugonjwa. La kutosema ni langu."

"Watu wa kwenu wakijua?"

"Wa kwetu nimeshawaambia. Juzi, baada ya ibada." Akainua bega. "Bado wananiletea majani."

Nikaandika kama alivyotaka, na chini yake nikaongeza sentensi ya kwangu, kwamba mtafiti alijua siku mbili kabla ya kuwasilisha na aliwasilisha. Kazi ikafika mezani kwao zikiwa zimebaki siku nne.

Siku ya kutetea nilivaa zile buti. Watahini walikuwa watano. Wa nne, mzee mmoja mwembamba ambaye sikumfahamu, alifungua ukurasa uleule, akausoma kimya, kisha akauliza ni kwa nini niliona vema kuyaweka haya kwenye maandishi ya kudumu. Ukumbi ulikuwa na wanafunzi, na Profesa Renate alikuwa amekaa nyuma kabisa. Sikutoa maelezo. Nilisoma zile sentensi tatu kwa sauti, kama zilivyoandikwa, nikafunga kitabu.

Walipomaliza kunipa mkono, nilitoka uani nikampigia Mzee Elirehema. Simu iliita mara moja tu.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, baba."

Nikasikia anamwambia Mama Ndeshi, na Mama Ndeshi anapiga vigelegele. Halafu akarudi, sauti imeshuka. "Waliuliza juu ya lile jambo?"

"Waliuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nikawasomea ulivyoniambia niandike."

"Wakasema nini?"

"Hawakusema kitu. Wakaendelea na swali lingine."

"Swali lingine?"

"Ndiyo. La mifuko ya chandarua."

Nilimsikia anavuta pumzi, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu msimu wa kwanza. "Mama Ndeshi," akaita, "hebu njoo usikie! Mimi nimelala na jambo hili miaka miwili, hata ubavu sigeuki. Wao wakaendelea na swali lingine!"